Bingwa Aliyekataa Kuanguka

Jayadi alikuwa chali kwenye maji ya uchochoro, kofia yake inaelea, na Tohir bado kasimama.

Tuliachana hapo wiki iliyopita, na najua kuna waliolala nalo hilo. Msione haya. Hata sisi tuliokuwepo Kampung Bakau siku ile tulibaki midomo wazi. Mimi tari lilikuwa mkononi na sikujua nilipige au nilishushe, maana kwa miaka yote niliyopiga matari kwenye harusi za Wabetawi, sisi wenyeji wa Jakarta, sijapata kuona bingwa wa bibi harusi akishinda.

Hashindi. Ndiyo kazi yake. Bwana harusi anakuja na bingwa wake, anakuta ufito umekingamishwa mlangoni, mabingwa wanajibizana mashairi, wanarushiana mateke mawili matatu ya mchezo, na raundi ya tatu bingwa wa bibi harusi anaanguka. Watu wanacheka, ufito unatolewa, fataki zinalia, tunaingia kula. Kuanguka kwenyewe ni ufundi. Mzee wetu Babeh Sanip alimfundisha mwanawe Tohir kuanguka kabla hajamfundisha kupiga, na mtaa mzima tulimwona utotoni akibwagwa uwanjani mpaka akazoea.

Sasa raundi ya tatu imefika, Jayadi, bingwa wa bwana harusi, kamtolea mguu mwepesi wa kumwangusha, na Tohir badala ya kwenda chini kaudaka ule mguu, akamtupa mwenzake kama gunia la pumba.

"Ndugu yangu," Jayadi akasema kutoka majini, wala hakuwa na hasira, "hii umeisahau, au?"

"Sijasahau," Tohir akamjibu. "Inuka uende zako."

Maji yenyewe yalikuwa ya bahari. Wageni wa bwana harusi walitoka kusini ya Jakarta, juu huko ambako bahari mtu anaisikia redioni, na walikuwa wamekunja suruali mpaka magotini wakituangalia kama tumewamwagia sisi. Kwetu bahari iko juu ya ukuta na sisi tuko chini yake. Ikijaa mchana inapenya kwenye nyufa na kuja kutusalimia. Mji mzima umenyonya maji ya chini ya miguu yake kwa mabomba mpaka ukaanza kuzama, na wakubwa walipoona unazama wakasema basi, makao makuu ya nchi tuyahamishie kisiwa cha Kalimantan. Sisi wenye mji, ambao babu zetu walikuwa hapa kabla ya ghorofa la kwanza, hakuna aliyetuuliza tunahamia wapi.

Nyumba ya Babeh imeinuliwa sakafu mara tatu. Paa limebaki pale pale, kwa hiyo mlango umekuwa mfupi na kila anayeingia anainama, apende asipende.

Ndani ya mlango huo, nyuma ya pazia, alikaa Romlah. Mnamjua tayari: binti wa pekee wa Babeh, miaka thelathini na moja, posa mbili zimekuja na mbili zimevunjika, moja kwa maneno ya watu na moja kwa uoga wa mwanamume mwenyewe. Hii ya Fikri, bwana harusi wa leo, ilikuwa ya tatu. Ikivunjika mlangoni, mbele ya mtaa mzima, nani tena atakunja suruali kuja na ya nne? Kila aliyesimama pale alilijua hilo, na Tohir, kaka yake wa tumbo moja, alilijua kuliko sisi sote.

Naye kadhi alishatuonya. Ana ndoa nyingine ng'ambo ya mto baada ya adhuhuri. Adhana ikimkuta nje anaondoka, na nafasi hana tena mpaka Ramadhani iishe.

Mama wa Fikri, Haja Nuraini, hakuwa mwanamke wa kumeza maneno. Nyuma yake shangazi wawili walikuwa wamebeba mikate ya mamba, dume kubwa la kujaza mikono yote miwili na jike lake dogo, imeokwa ikang'aa, magamba na macho yote yapo. Mamba, tunavyosema sisi, huchukua mwenzi mmoja mpaka kufa. Harusi bila mkate huo ni kikao tu. Shangazi walikuwa wameinyanyua juu isiguswe na maji, na mikono ilishaanza kuwatetemeka.

"Kama hamkutaka posa si mngesema," Haja Nuraini akasema, "tungebaki kwetu tunakunywa chai kwenye sakafu kavu."

Wanawake wa mtaani wakamjibu kwamba naam, hiyo sakafu kavu ndiyo imewapa mdomo mrefu, na waangalie wasije wakaisahau njia ya kurudia. Kukawa na vicheko vya kuumana. Harusi nyingine hapo ingegeuka ngumi za kweli.

Babeh akatoa kichwa mlangoni, kainama, kilemba chake kinagusa kizingiti cha juu.

"Tohir, mguu una nini?"

"Mguu mzima, Babeh."

"Basi anguka."

"Simwangukii huyu."

Babeh hakuelewa, na nani angeelewa? Fikri alikuwa kipenzi cha mtaa. Kijana mpole, miwani, mpima ardhi, mtu ambaye hata kuku akimpitia mbele anampisha. Na hadithi ya walivyokutana na Romlah tuliijua sote, ilisimuliwa siku ya posa mpaka akina mama wakafuta machozi. Fikri alikuwa nyuma ya nyumba na vyombo vyake vya kupimia vya miguu mitatu, jua linamchoma, Romlah akamhurumia akampelekea kahawa. Akamuuliza unapima nini hapa. Fikri akamjibu anapima bahari, aone imebakiza kiasi gani kufika kwake. Basi, binti kaishia hapo. Mtu akikwambia hivyo na kahawa mkononi utafanyaje?

Tohir akapaza sauti ili wote wasikie. Kama bwana harusi anataka mke, alisema, aache kutuma mtu wa kukodi. Aje mwenyewe. Akatupa shairi lake, kasimama mbele ya ufito, mikono kiunoni:

"Jogoo kapanda dari,
paka kalala jikoni;
mlango una hatari,
rudi kwenu mtaani."

Nikagonga tari mara moja, kama desturi inavyotaka. Fikri akaikunja kanzu yake ya harusi, akaifunga kiunoni, akaja. Alitembea majini taratibu kama mtu anayepeleka mtihani ambao hakusoma.

Sasa sikieni vizuri, maana hapa mimi nilikuwa karibu kuliko wote, na niliyoyasikia ndiyo yaliyoivunja siku.

Tohir aliinama kama anayejiandaa kumkamata, akamwambia kwa sauti ya chini, "Rudi kwenu. Sema umeogopa. Watu watakucheka wiki moja, watasahau."

"Nimekwambia tangu alfajiri, Kaka," Fikri akamjibu, naye chini chini. "Siwezi kuula wali wa mzee na jambo hili tumboni. Nikishaoa, leo leo namwambia."

"Ndiyo maana wali huuli."

Akamsukuma. Hakumpiga, alimsukuma kifuani kwa kiganja, na Fikri akakaa majini kama aliyekaribishwa mkekani. Watu wa kwetu wakacheka, nisiwafiche, hata mimi nilicheka. Fikri akainuka, miwani imeloa. Tohir akamsukuma tena, akakaa tena. Mara ya tatu hakucheka mtu.

Babeh akauliza wananong'ona nini wale. Haja Nuraini akauliza hilo hilo kwa maneno makali zaidi. Fikri akavua miwani, akaifuta kwenye kanzu iliyoloa, jambo lisilosaidia chochote, akaivaa. Akampita Tohir kwa macho, akamtazama mzee.

"Mzee wangu, mashairi sijui na ngumi sijui. Ule uwanja wa nyuma, aliko Mama Saodah, umeuzwa. Kampuni ya maghala itamwaga kifusi baada ya Idi. Niliupima mimi. Aliyeuuza ni Kaka Tohir."

Mama Saodah ni mke wa Babeh, mama wa Tohir na Romlah. Amezikwa nyuma ya nyumba, kama sisi tulivyozika watu wetu toka zamani, karibu na dirisha la jikoni. Ardhi inavyoshuka na kaburi linashuka, na Babeh kila mwaka kabla ya Ramadhani anabeba udongo kwa ndoo, anampandishia mkewe. Yule mzee haombi msaada wa mtu siku hiyo. Ukimsogelea na jembe anakuambia nenda kapandishe ya kwenu.

Ukuta wa bahari tuliusikia unavuja.

Nilimtazama Tohir nikitegemea atakana. Hata mimi nilitaka akane. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo, na alipoanza kusema hakusema na Fikri, alisema na baba yake.

"Babeh, Mama analala majini," akasema. "Unampandishia udongo, bahari inaula. Nani kabaki mtaa huu? Akina Namin wamekwenda Depok, akina Tole wamekwenda Bekasi, waliokuwa na mashamba kwenye mji huu leo ni madereva wa waliowauzia. Mimi niliuza kabla bahari haijachukua bure. Ningekwambia ungekubali?"

"Nisingekubali," Babeh akasema.

"Basi."

"Ulijifanya wewe ndiye mwenye nyumba."

"Nilijifanya."

"Na mama yako ungempeleka wapi?"

Namshukuru Mungu kwamba hapo Tohir angalau uongo hakutunga. Aliangalia maji miguuni pake. Mtu mzima, bingwa wa mlango, kidevu kinamcheza.

Babeh akatoka nje. Alitoka ameinama, akajinyoosha pole pole, akasimama katikati ya kijana wake na mkwe wake. Nilidhani atapiga mtu. Akageuka, akaushika ule ufito kwa mikono yake miwili, akaung'oa mlangoni, akauegemeza ukutani.

"Ingia, mwanangu," akamwambia Fikri. "Bingwa wetu ameanguka."

Laiti ingeishia hapo. Lakini juu ya bati la jirani alikaa Miun, mzee wetu wa fataki, sikio moja limekufa kwa kazi hiyo hiyo na la pili liko njiani. Yeye aliambiwa kitu kimoja tu: ufito ukitoka, washa. Hakusikia uwanja, hakusikia kaburi, aliona ufito umetoka. Akawasha.

Mashada yote ya fataki yakalipuka juu ya vichwa vyetu. Moshi, karatasi nyekundu zinanyesha, watoto wanashangilia wasichokijua, na chini yake Babeh amesimama na machozi yanamtoka wazi. Tohir kaziba masikio. Shangazi mmoja akaruka kwa mshtuko, mkate wa jike ukamponyoka ukaanguka majini, ukaanza kuvimba. Sijui ni harusi gani nyingine duniani iliyopigiwa fataki saa ya msiba wake. Miun akawa anatupungia mkono kutoka juu, amefurahi.

Moshi ulipotawanyika, Romlah alikuwa mlangoni.

Bibi harusi hatoki. Anangojwa, anafuatwa. Huyu alitoka na mavazi yake mekundu, taji kichwani, shanga zake zinamwagika usoni kama pazia, akainama chini ya kizingiti kile na shanga zikagonga mbao. Akazikusanya zote kwa mkono mmoja akazitupa nyuma ya bega, tukamwona uso. Hakuwa amelia. Afadhali angekuwa amelia.

Hakumtazama kaka yake. Huyo, nadhani, alikuwa ameshamaliza naye akiwa nyuma ya pazia.

"Fikri, ulijua lini?"

Fikri alikuwa ametoka kusema ukweli mara moja, na ukweli ulikuwa umemfungulia mlango. Akausema tena.

"Siku ile ya kwanza."

"Niliyokuletea kahawa."

"Ndiyo."

"Nilipokuuliza unapima nini."

Ile hadithi tamu ya kupima bahari ilikuwa ya kwetu sote, na sasa tulikuwa tunaiona upya, vyombo vya miguu mitatu vimesimama karibu na dirisha la jikoni. Akina mama waliolia siku ya posa wakawa wanatazamana.

Romlah akamuuliza mguu mmoja wa chombo chake aliuweka wapi siku ile. Akajibu, kwa sauti isiyofika mbali, kwamba ardhi ngumu ilikuwa pale tu palipoinuliwa udongo. Palipoinuliwa na Babeh, kwa ndoo.

"Na mimi ungeniambia lini?"

"Leo, Romlah. Wallahi leo. Baada ya ndoa."

"Baada."

"Ningekwambia kabla ungenikataa."

"Kwa hiyo ulitaka kwanza uingie."

Hakuinua sauti. Kaka aliuza bila kuuliza, mchumba akanyamaza mpaka afunge ndoa, na kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri ya kumpenda. Mimi nimezeeka kwenye harusi za watu, nimeona mabibi harusi wamezimia, wametoroka, mmoja alimmwagia bwana harusi mchuzi wa mbegu za jengkol mpaka akanuka siku tatu. Lakini uchungu wa namna ile sijauona.

Romlah akauchukua ule ufito ukutani. Akaurudisha mahali pake, akaukaza kwa kiganja pande zote mbili, akasimama mbele yake. Akajifunga mtandio kiunoni.

"Jogoo kapanda dari,
kuku kafanya kiburi;
ulidai ni bahari,
kumbe wapima kaburi."

Kisha akasema kwa maneno ya kawaida, "Ukinishinda, kadhi yupo, tutafunga ndoa na sitalisema tena jambo hili mpaka nife. Ukishindwa, chukua mkate wako."

Haja Nuraini akapaza sauti kwamba haijawahi kutokea, mwanamke kuwa bingwa, tena bibi harusi mwenyewe, ni aibu, na kadhi aseme kitu. Kadhi akaangalia saa yake. Akasema hajasoma mahali panapokataza, ila zimebaki dakika chache.

Macho yote yakamwendea Babeh. Neno lake moja lingetosha. Angeweza kumshika binti yake mkono, akauondoa ule ufito mara ya pili, ndoa ikafungwa, tukala wali wetu, na miaka mitatu baadaye tukasahau. Alimtazama Romlah kwa muda, akatazama nyuma ya nyumba, upande wa dirisha la jikoni. Akatugeukia sisi wapiga matari.

"Pigeni."

Tukapiga.

Fikri akavua miwani akampa Jayadi amshikie. Jayadi, mtu wa kazi hiyo, akamwinamia sikioni akamtia moyo. Nilimsikia. Alimwambia asiogope, huyu ni wa upande wa bibi harusi, acheze naye raundi mbili tu, raundi ya tatu ataanguka, ndiyo desturi. Fikri akaitikia kwa kichwa. Alimwamini.

Jayadi ni wa kusini, hajui ya kwetu. Hajui kwamba Romlah akiwa mtoto alilia kila alfajiri kwa nini Tohir afundishwe na yeye afagie, mpaka mama yake akamwambia mzee, mchukue naye, ataniua kwa kelele. Babeh akamchukua. Alimfundisha kukinga, alimfundisha mguu, alimfundisha kiwiko. Kuanguka hakumfundisha. Alisema huyu ni msichana, hatasimama mlangoni kwa mtu, atahitaji kuanguka kwa kazi gani?